Chapa ya Birmingham

Mnunuzi wa bastola ya Webley Mk VI iliyokwishatumika huvutiwa kwanza na weusi wa chuma chake, ilhali cha kukaguliwa ni chapa ndogo zilizogongwa kwenye mtutu na silinda. Taasisi ya majaribio ya silaha ya Birmingham, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, inastahili pongezi kwa kazi moja isiyo na mbwembwe: kufyatua risasi zenye nguvu kupita kawaida, kukagua chuma, kisha kuigongea silaha chapa au kuinyima. Mtu atauliza, chapa ya zamani inathibitisha nini leo, silinda ikiwa imeshalegea? Hoja ina uzito, na sheria ya Uingereza yenyewe inaikubali: silaha iliyobadilishwa ikapungua nguvu lazima ijaribiwe upya. Tazama Webley zilizopelekwa Marekani, zikachongwa nyuma ya silinda ili zimeze risasi za .45 za bastola ya Colt. Kwa macho ni nzima. Kumbe risasi hizo zina shinikizo linalozidi lile ambalo Webley iliundiwa kulihimili. Hata fundi hodari wa kusafisha kutu hawezi kulirekebisha hilo kwa mafuta na brashi.