R moja, maduka matatu: tumsome Labov vizuri

Ukisoma isimujamii hata kwa muhula mmoja, lazima utakutana na hadithi hii. Novemba 1962, William Labov, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, anaingia kwenye maduka makubwa matatu ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati, na S. Klein la bei poa. Kila mfanyakazi anamuuliza bidhaa ambayo anajua tayari iko ghorofa ya nne. Anajibiwa "fourth floor". Anajifanya hajasikia, anauliza tena, anajibiwa mara ya pili kwa kukazia zaidi. Kisha anasogea pembeni na kuandika: je, R imesikika au imemezwa?

Aliwauliza watu 264. Waliotamka R angalau mara moja walikuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's, na 20 tu S. Klein.

Tuanze na sifa, maana anastahili. Ukimwekea mtu kinasa sauti mbele yake, anaanza kuongea kama yuko kwenye usaili. Labov alikwepa tatizo hilo kwa swali moja ambalo muuzaji huulizwa kila siku. Na swali la pili lilizaa jambo zuri zaidi: wa Macy's ndio walioongeza R kwa kiasi kikubwa zaidi walipojibu kwa uangalifu. Yaani walijua matamshi gani "yanaheshimika", ila kwa kawaida hawakuyatumia. Kabla ya hapo wapo wataalamu walioona R ya New York kama jambo la bahati nasibu tu, leo ipo, kesho haipo. Labov alionyesha kwamba ina mpangilio, na mpangilio huo ni wa kijamii.

Sasa tuje kwenye udhaifu. Kwanza, hakuna kilichorekodiwa. Aliyesikiliza ni mmoja, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyekuwa na nadharia kichwani. R iliyotamkwa nusunusu ilikuwa rahisi kuisikia kwa matumaini. Pili, umri wa watu aliukadiria kwa macho. Tatu, hakuna aliyeombwa ridhaa. Leo kamati ya maadili ingekuwa na maswali mengi sana.

Hayo anayajua kila mwanafunzi anayejibu mtihani, na kwa haki yake, Labov hakuishia madukani: alifanya mahojiano marefu yaliyorekodiwa katika mtaa wa Lower East Side, na kitabu kikatoka 1966. Kwangu mimi tatizo kubwa zaidi ni jinsi sisi tunavyousimulia utafiti huu. Tunasema: "Labov aligundua kwamba matajiri hutamka R." Hapana. Waliopimwa hawakuwa matajiri. Wote walikuwa wafanyakazi wa dukani, na Labov mwenyewe alieleza kwamba hatuwezi kudhani wa Saks walilipwa zaidi ya wale wa Macy's. Hoja yake ni kwamba muuzaji huazima hadhi ya wateja anaowahudumia. Kwa hiyo kilichopimwa hapa ni hadhi ya kuazima, wala si pesa ya mfukoni. Ukiliacha hilo, umeacha kiini chote.

Kosa la pili la usimulizi ni baya zaidi: kudhani R yenyewe ina ubora fulani. Vuka Atlantiki uone. Uingereza, lafudhi ya kifahari, ile ya shule za gharama na ya watangazaji wa zamani wa BBC, haitamki R ya "floor" hata kidogo. Wanaoitamka ni pamoja na watu wa Somerset na Devon, nao huchekwa kwamba wanaongea kama wakulima. Sauti ni ileile, hukumu imegeuka kichwa chini miguu juu. Na New York yenyewe haikuwa hivyo siku zote. Msikilize Rais Franklin Roosevelt kwenye hotuba zake za miaka ya 1930: mtoto wa ukoo mkubwa wa jimbo hilohilo, na R anazimeza bila wasiwasi. Mwelekeo uligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Masikio ya binadamu hayakubadilika. Kilichobadilika ni nani anaonekana wa kuigwa.

Kwa nini likuhusu wewe? Kwa sababu Kiingereza chetu kilitoka Uingereza, na wengi wetu R ya "floor" hatuitamki. Ukiikaza, wenzako watakuuliza umerudi lini kutoka Marekani. Na kwenye Kiswahili tunafanya yaleyale: mtu akisema "kula" badala ya "kura", kabla hajamaliza sentensi tumeshamkisia kabila, kijiji na kiwango cha elimu. Kisha mtu huyohuyo anakuja kwenye usaili wa kazi au kutetea tasnifu, na kuna mjumbe wa jopo anaandika "hajiamini" au "hajui lugha", wakati alichosikia ni konsonanti moja tu.

Hapo ndipo usimulizi mbaya wa Labov unapoumiza. Ukifundisha kwamba matamshi fulani ni ya watu wa juu, bila kusema kwamba watu ndio walioyapandisha juu, unampa yule mjumbe sababu ya kisayansi ya kuendelea na dharau yake. Utafiti ulionyesha kinyume: hata muuzaji mmoja, ndani ya nusu dakika, hubadilisha R yake akiombwa kurudia.

Ukipata nafasi, soma sura ile ya maduka yenyewe badala ya muhtasari wa slaidi. Na ukiwa wewe ndiye unayeketi kwenye jopo, andika kwanza mtahiniwa alisema nini. Alivyotamka hakuna haja ya kuandika.