Miisho ya Mistari katika Skripti za Kujengea Programu

Katika Linux na macOS, kila mstari wa faili la maandishi hufungwa kwa alama moja isiyoonekana, ile ya kushuka mstari, ambayo katika orodha ya herufi za ASCII ni nambari 10. Windows, iliyorithi desturi ya MS-DOS, hutanguliza alama ya kurudi mwanzo wa mstari, nambari 13, ndipo ikaweka ile ya kushuka. Jozi hiyo ilitokana na mashine za teletaipu, ambazo kichwa chake cha kuchapia kilirudishwa kushoto kwa amri moja na karatasi ikasogezwa kwa amri nyingine.

Madhara ya tofauti hii hudhihirika zaidi katika skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano ili kuugeuza msimbo kuwa programu kamili. Skripti ya Linux huanza kwa mstari kama #!/bin/sh, unaoutajia mfumo programu itakayozisoma amri hizo. Faili likiwa limehifadhiwa kwa mtindo wa Windows, alama ya nambari 13 huhesabiwa kuwa sehemu ya jina la programu hiyo, na kwa kuwa hakuna programu yenye jina lenye mkia wa namna hiyo, mfumo hutoa taarifa kwamba faili halipo, ilhali mhandisi anaiona skripti yake mahali pake. Hitilafu hii huwasumbua sana wanaotumia Docker, programu ya kuendesha mazingira yaliyotengwa yaitwayo kontena, kwenye Windows, kwa sababu skripti huhaririwa katika mfumo mmoja na kutekelezwa ndani ya kontena la mfumo mwingine. Vilevile, alama ya \ inayowekwa mwishoni mwa mstari ili amri iendelee mstari wa pili huishia kuikinga nambari 13 badala ya nambari 10, na amri hukatika vipande viwili.

Hata hivyo, kulazimisha mtindo wa Linux kila mahali si suluhisho, kwani faili za .bat za Windows zikikosa nambari 13 huweza kushindwa kuipata lebo inayotajwa na amri ya goto.

Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ina mpangilio wa core.autocrlf unaobadilisha miisho, lakini mpangilio huo hukaa katika kompyuta ya kila mhandisi, hivyo wawili wanaweza kupata faili tofauti kutoka hazina ileile ya msimbo. Njia iliyo imara ni kuuweka uamuzi ndani ya hazina yenyewe, katika faili la .gitattributes, ambalo husafiri na msimbo na kuushinda mpangilio wa mtu binafsi (lf ni mtindo wa Linux, crlf ni wa Windows):

* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf

Faili zilizokwisha kuingia na miisho mibaya hurekebishwa kwa amri ya git add --renormalize . na badiliko hilo lihifadhiwe peke yake, kwa sababu hugusa mistari mingi na likichanganywa na kazi nyingine huzifunika tofauti zenye maana.

Kusafisha miisho kwa dos2unix, programu ya kubadilisha miisho ya Windows kuwa ya Linux, kila programu inapojengwa hutuliza dalili tu na kuiacha hazina na kasoro yake. Kabla ya kufika huko, timu na iendeshe git ls-files --eol: kila faili la .sh lenye w/crlf katika orodha hiyo, yaani lenye miisho ya Windows katika nakala ya kazi, ni skripti inayohitaji kurekebishwa kabla ya kupelekwa Linux.