Fanani Tunaye, Hadhira Je? Maoni Juu ya Hadithi Zetu Mtandaoni

Nilipokwenda kijijini kukusanya ngano kwa ajili ya somo la Fasihi Simulizi, bibi yangu alikataa kunisimulia mchana. Alisema hadithi ni ya usiku, kazi zikishaisha. Mimi nilikuwa nawahi basi la saa tisa, basi nikambembeleza mpaka akakubali shingo upande. Akanipa ngano ya dakika nne. Haikuwa na wimbo wala kiitikio, na alipomaliza aliniuliza, "Imetosha hiyo kwa shule yako?" Niliinakili neno kwa neno, nikapata alama nzuri, baadaye nikaiweka mtandaoni. Leo nikiisoma naona aibu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu miradi ya kusaidia jamii kuweka urithi na hadithi zao mtandaoni imekuwa mingi, na sisi wanafunzi wa fasihi tunaishangilia tu. Tunauliza hadithi ngapi zimehifadhiwa, kwa lugha ngapi. Kuihakiki hatuihakiki. Mulokozi, katika makala yake "Tanzu za Fasihi Simulizi" iliyotoka katika Mulika 21 mwaka 1989, alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Nani kati yetu hajaikariri orodha hiyo usiku wa kuamkia mtihani? Lakini tukikaa mbele ya kompyuta tunabaki na fani peke yake, tena maneno yake tu, na tunasema "tumeuhifadhi utamaduni".

Hoja yangu ni kwamba tovuti ya hadithi ihakikiwe kwa vigezo hivyohivyo, na kigezo cha kwanza kiwe hadhira. Anayesimulia ndiye anayejua hadithi hii ni ya nani na inasemwa lini. Je, akiingia mtandaoni amebaki na uwezo huo, au amenyang'anywa?

Tutazame tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014. Walimu na wakutubi wa Kenya, Uganda na kwingineko wameandika na kutafsiri hadithi humo, na za Kiswahili si haba. Kazi yake ni kumpatia mtoto kitabu cha kujifunzia kusoma kwa lugha anayoijua, na kwa kazi hiyo naivulia kofia. Ngano ikifika humo hugeuka kitabu cha picha, sentensi mbili tatu ukurasa mmoja, na hakuna wa kusema "paukwa" wala wa kujibu "pakawa". Kuilaumu kwa hilo ni uonevu. Kosa ni letu sisi tunaokwenda kunukuu vitabu vile katika tasnifu kama kwamba ndiyo fasihi simulizi yenyewe.

Kuna jambo jingine humo ambalo wahakiki hatujaligusa. Hadithi zile zina leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuzibadili. Wapo wanaoshtuka: hadithi ibadilishwe na kila mtu? Mbona ndivyo ilivyokuwa siku zote! Kila fanani aliyeirithi ngano aliitia chumvi yake. Kwa upande huo leseni hii iko karibu zaidi na usimulizi kuliko haki ya kunakili ya mchapishaji. Tofauti ni kwamba pale uani anayebadili anaonekana, na hadhira inamkatiza: "Aa, siyo hivyo, sungura hakwenda kisimani siku ile!" Mtandaoni anabadili mtu asiyejulikana, na hakuna wa kumkatiza.

Mfano unaonipa moyo ni wa Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, nchini Kenya. Mwaka 2008 Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani, likishirikiana na Maktaba ya Bunge la Marekani na Chuo Kikuu cha Duke, liliwafundisha watu wawili wa jamii hiyo, pamoja na mtaalamu mmoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, namna ya kurekodi na namna ya kulinda haki za kile walichorekodi. Mwaka 2009 jamii ikakabidhiwa vifaa vyake. Sisemi umekamilika, lakini kinasa sauti kimekaa mkononi mwa mwenyeji. Mwenyeji anaweza kungoja usiku. Hana basi la saa tisa.

Mbali zaidi, huko Tennant Creek nchini Australia, watu wa Warumungu walifanya kitu ambacho mwanafunzi wa fasihi angepaswa kukisoma kama nadharia. Mwaka 2007, wakisaidiana na mtafiti Kimberly Christen, walianzisha hifadhi waliyoiita Mukurtu, jina la mfuko wa kutunzia vitu vya thamani. Humo kila picha na kila simulizi ina masharti yaliyowekwa na wenyewe: hii ni ya wanawake, hii ya wanaume, hii ya ukoo fulani. Baadaye mfumo huo ukawa programu ya bure inayotumiwa na jamii nyingine. Kwa maneno mengine, hadhira imeingizwa ndani ya mashine. Hiyo orodha ya Mulokozi, watu wameijengea nyumba.

Nilipoyasema haya katika semina, mwenzangu mmoja alinijia juu. "Ukifunga milango, watoto waliozaliwa mjini watazisikia wapi? Wazee wanaondoka!" Ana haki, na jibu kamili sina. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi inataka jamii iridhie kwanza, lakini sheria haimwambii mjukuu cha kufanya pale bibi anapokohoa na simu imebakiwa na chaji kidogo. Ninachojua ni kwamba mimi niliharakisha, na haraka yangu haikuhifadhi kitu.

Likizo iliyopita niliiondoa ile ngano yangu mtandaoni, nikarudi kijijini, nikalala siku nne. Usiku wa pili bibi akaisimulia yote, nyimbo tatu, wajukuu wakiitikia, karibu saa nzima. Asubuhi nikamwuliza kama naweza kuiweka watu wote waisikie. Akafikiri, akasema nyimbo niweke, safari ya sungura niweke, ila ile sehemu ya mke mwenza ni ya mabinti walioposwa, isiende. Nikamwahidi. Ahadi rahisi, maana sehemu hiyo sikuisikia. Ilipofika alinituma nje nikaangalie kama mbuzi wamefungwa.