'Bomma' si bomba wala Boma: Hatari ya kubahatisha asili ya maneno

JUMA lililopita, rafiki yangu wa tangu siku za chuo alinipigia simu akiwa amekereka. Binti yake ameolewa Antwerp, Ubelgiji, na kila Jumapili mjukuu wake wa miaka mitatu huongea naye kwa simu ya video. Mtoto akimwona tu, hupaza sauti: "Bomma!"

"Prof, kwani mimi ni bomba la maji?" akaniuliza.

Mpwa wake, kijana msomi, alikuwa ameongeza chumvi kwenye kidonda. Alimwambia kwamba neno hilo lilitoka Kongo: eti Wabelgiji walilitoa kwa mji wa Boma, uliokuwa makao makuu ya utawala wao hadi miaka ya 1920, wakalitumia kuwarejelea wanawake wazee Waafrika. Mama wa watu akaona ametukanwa na damu yake mwenyewe. Akaacha kupokea simu.

Maneno mawili kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu. Anayedai undugu huo sharti aonyeshe njia: nani alilikopa neno, sauti zilibadilikaje, na maana ilihamaje kutoka mji hadi mtu. Mpwa hakuonyesha lolote. Isitoshe, watoto wa Antwerp huwaita nyanya zao, Wabelgiji wenzao, 'bomma', na babu zao 'bompa'. Nadharia ya Boma itamweka wapi huyo bompa?

Jozi hiyo ndiyo ufunguo. Kifaransa kina 'bonne-maman' na 'bon-papa', majina ya mapenzi ya nyanya na babu. Kisisisi ni 'mama mwema' na 'baba mwema'. Katika vinywa vya wasemaji wa Kiflemi, yaani Kiholanzi cha kaskazini mwa Ubelgiji, majina hayo yalifupishwa, na sauti 'n' ikawa 'm' mbele ya 'm' na 'p'. Kanuni hii si ngeni kwetu. Twasema kalamu ndefu, lakini kalamu mbaya: 'n' hugeuka 'm' ikikutana na 'b'. Midomo ni ile ile.

Lakini kwa nini Mflemi amwite nyanyake kwa Kifaransa? Ubelgiji ilipopata uhuru mnamo 1830, Kifaransa ndicho kilichotamalaki serikalini, mahakamani na vyuoni, ingawa Waflemi walikuwa wengi. Sheria ya kukipa Kiholanzi usawa ilikuja 1898, na Chuo Kikuu cha Ghent hakikufundisha kwa Kiholanzi kikamilifu hadi 1930. Lugha ya wakubwa iliingia hadi jikoni. Hata mjomba huko ni 'nonkel', kutokana na 'oncle' ya Kifaransa.

Tafsiri nayo ina mtego. Ukiandika 'bomma' ni 'bibi', Mtanzania ataelewa nyanya, ilhali Wakenya wengi watadhani ni mke wa mtu. Kwetu, 'nyanya' latosha. Anayetaka joto la neno lenyewe aseme 'shosho', wanavyosema vijana wetu.

Nilimweleza rafiki yangu haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe ananiita mama mwema, nami nimemkatia simu majuma matatu!"

Hiyo ndiyo gharama ya etimolojia ya kubahatisha. Aliyeilipa ni mtoto wa miaka mitatu.