Tulienda Kununua Joka, Tukarudi na Mwindo

Mwezi uliopita mlinikabidhi dola 40 ninunue riwaya za mambo ya ajabu na michezo ya mezani, kwa ajili ya wale watoto tunaokutana nao kila Jumamosi kule Kadutu. Mlisema wazi: vitabu vyenye majoka, na michezo isiyo karata. Leo naleta hesabu. Ila hesabu yenyewe imegeuka kuwa uhakiki, basi mnivumilie mpaka mwisho.

Nilitoka asubuhi na mdogo wangu, yeye anasoma fasihi ya Kifaransa. Tulianzia Nyawera, tukafuata avenyu Patrice Lumumba mpaka Place de l'Indépendance, tukamalizia kwenye soko la Kadutu. Tuliona nini? Vitabu vya shule, vitabu vya sheria, Biblia, vitabu vya maombi, vitabu vya kujifunza Kiingereza, na vile vinavyofundisha kutajirika haraka. Upande wa michezo: ludo, dame, na Scrabble moja ya mtumba iliyopungukiwa herufi. Riwaya ya ajabu tuliyoiona siku nzima ilikuwa moja tu, Harry Potter et la Coupe de feu, jalada limebanduka, bei dola 12. Hicho ni kitabu cha nne katika mfululizo. Mtoto ataanzaje hadithi katikati?

Kwenye meza ya mwisho tulimkuta mama mmoja, tukamweleza shida yetu. Akatuangalia vizuri, akauliza:

— Bitabu bya majoka na ba-sorcier? Njo bya bulozi ile. Apana, batoto bangu, hapa hatuuzishake bile.

Mdogo wangu alitaka kucheka, nikamkanyaga mguu. Yule mama si mjinga. Katika mji wetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu fulani alisema ni walozi. Mtu aliyeona hayo hawezi kuchukua neno "uchawi" kama mchezo. Sisi tuliosoma tunamwambia "ni hadithi tu, mama", lakini yeye anajua kwamba hadithi inaweza kumlaza mtoto barabarani.

Turudi kwanza kwenye michezo. Mchezo niliokuwa nautamani ni Catan, wa Mjerumani Klaus Teuber, uliotoka mwaka 1995. Niliwahi kuucheza mara moja nyumbani kwa rafiki, ng'ambo ya Ruzizi, na niliupenda. Watu watatu au wanne wanajenga vijiji na barabara kwenye kisiwa. Wanabadilishana mbao, matofali, sufi, ngano na madini, na anayefikisha pointi 10 kwanza ameshinda. Uzuri wake ni kwamba hauwezi kushinda ukiwa umenyamaza. Lazima uzungumze na mwenzako, umbembeleze, mpatane bei. Hilo lingewafaa sana watoto wetu.

Lakini kuna jambo lililonikwama kooni. Kisiwa cha Catan kinaanza kikiwa kitupu. Hakuna mwenyeji, hakuna kaburi la babu wa mtu. Madini yanatoka mlimani kwa kutupa dadu tu. Wakitupa saba, mwizi anahamishwa mahali pengine, anazuia uzalishaji wa pale, na mchezaji aliyemhamisha anamnyang'anya mwenzake karata moja. Mtoto wa Kivu akicheza hivyo atauliza: hao wachimbaji wako wapi? Na huyo mwizi ametumwa na nani? Sisemi mchezo ni mbaya. Nasema umetengenezwa na mtu ambaye madini kwake ni karata, na sisi tunapaswa kuucheza huku tukijua hivyo.

Tukiwa tunarudi kwa miguu, mikono mitupu, ndipo mdogo wangu akaniuliza: "Yaya, na Mwindo?" Nikasimama. Mwindo! Shujaa wa Wanyanga wa kule Walikale, Kivu ya Kaskazini, majirani zetu kabisa. Utenzi wake ulitolewa kitabu mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, kwa Kinyanga na Kiingereza, huko California. Msimulizi aliitwa Candi Rureke, naye aliusimulia akiimba na kucheza kwa siku 12. Niliwahi kuusoma kwenye simu, Kiingereza changu kikichechemea. Usiku ule nikausoma upya.

Ndugu zangu, kila tulichotafuta sokoni kimo mle ndani. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, anawakataza wake zake saba kuzaa mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa kwa nguvu, anatembea na kusema siku hiyohiyo, mkononi ana usinga wake unaoitwa conga. Baba anamrushia mikuki, inashindwa. Anamzika, mtoto anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, ngoma inaelea. Mwindo anakua, anarudi kulipa, baba anakimbilia kuzimu, na mtoto anamfuata hukohuko.

Hata mchezo umo. Huko kuzimu Mwindo anakutana na Sheburungu, wanacheza wiki, mchezo wa kamari wa mbegu. Mwindo anapoteza mali yote, anapoteza shangazi yake Iyangura, anapoteza kijiji chenyewe. Anabaki na conga tu. Anaiweka, na bahati inageuka, anarudisha vyote. Nimesoma riwaya kadhaa za Ulaya zenye mashindano ya ajabu, lakini chache zimenifanya nishike pumzi namna ile kwa ajili ya mbegu.

Sasa uhakiki wenyewe. Hadithi nyingi za majoka huishia joka linapokufa: watu wanashangilia, mshindi anapewa kiti. Utenzi huu unakataa mara mbili. Kwanza, Mwindo akishampata baba yake hamuui. Wanarudi Tubondo, baba anakiri makosa mbele ya watu, na wanagawana utawala. Pili, Mwindo akimuua joka Kirimu, aliyewameza watu wake, anadaiwa damu. Nkuba, radi, alikuwa rafiki wa joka. Anampandisha Mwindo mbinguni mwaka mzima kwenye baridi na mateso, mpaka majivuno yanamtoka. Hapo ndipo anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa mji ambao watu wenye silaha waliuteka 1996, 1998, 2004 na 2025, naona hilo ni somo zito kuliko pete yoyote ya Tolkien. Kila anayeingia hujiita muuaji wa joka. Mwindo anauliza: na baada ya joka kufa, nani alipe?

Kasoro ipo, nisiifiche. Kwenye karatasi utenzi umepoa. Maelezo ya wataalamu ni mengi, nyimbo zimelala bila ngoma, na msomaji wa Kadutu asiyejua Kinyanga wala Kiingereza amefungiwa nje ya nyumba ya jirani yake. Kwa hiyo nilikaa siku tatu nikauandika kwa ufupi, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Zikatoka kurasa 14. Najua nami nimeupoza zaidi: wimbo wa Rureke haumo humo.

Hesabu basi. Ludo mbili, dola 6. Dame moja, dola 5. Kopi 20 za Mwindo, dola 14. Mbegu tuliokota bure, na kanuni za mchezo wetu tumezibuni sisi, tusidanganye kwamba ni wiki yenyewe. Kitabu cha nne cha Harry Potter hatukununua. Zimebaki dola 15, ziko kwa mweka hazina.

Jumamosi iliyopita tuliwasomea. Walisikiliza vizuri mpaka pale baba na mtoto wanaporudi Tubondo pamoja. Kijana mmoja wa miaka kama 11, ambaye kwa kawaida hasemi, akainua mkono:

— Sasa juu ya nini hakumuuwa baba yake?

Nikamrudishia swali kwa wenzake. Mmoja akasema ni kwa sababu baba ni baba. Mwingine akasema Mwindo aliogopa. Wa tatu akasema: "Angemuuwa, nani angekiri mbele ya batu?" Yule kijana hakukubali. Alikunja kopi yake akaondoka nayo, na Jumamosi ijayo ameahidi kuja na jibu lake.

Nani atakuja kumsikiliza pamoja nami?