Nusu ya uzio imo ardhini

Anayejenga zizi la muda la umeme kwa ajili ya farasi hutumia karibu nguvu zake zote juu ya ardhi. Ananyoosha utepe, anapanga vigingi, anahakikisha pembe zimekaa sawa. Dakika ya mwisho anagongomea kipande kifupi cha nondo karibu na mashine, anaunga waya, anawasha na kuondoka. Baadaye farasi anakutwa kwenye migomba ya jirani, na lawama zote zinaangukia mashine. Mara nyingi mashine ni nzima kabisa. Kilichoshindwa ni ile nondo.

Tufuate safari ya umeme wenyewe. Mashine hutoa mpigo mmoja kila sekunde au zaidi kidogo. Mpigo una maelfu ya volti lakini unadumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndiyo maana unauma bila kuua. Unatoka kwenye mashine na kuujaza utepe, na hapo hauna pa kwenda. Farasi akigusa kwa pua, unapita puani, mwilini, miguuni na kwatoni hadi kwenye udongo, kisha unasafiri ndani ya udongo mpaka kwenye nondo ya ethi na kurudi mashinani. Njia hiyo ikikatika popote, farasi hasikii kitu. Utepe ni nusu ya uzio. Nusu nyingine ni ardhi iliyo kati ya kwato na nondo.

Ndiyo maana Kituntu inafaa kupigiwa mfano. Kata hii ya Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, Tanzania, ina mvua za masika na za vuli, lakini kuanzia Juni hadi Agosti nyasi za rweya, yaani uwanda wa malisho, hukauka na udongo wa juu unakuwa mgumu kama tofali. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Zizi lililosimama vizuri mwezi wa Aprili linaweza kuwa pambo tu ifikapo Julai, ingawa utepe, betri na mashine ni vilevile.

Farasi ni mgeni Karagwe, na sababu yake ni ya kibiolojia. Wapelelezi Speke na Grant walipofika kwa Mkama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, Novemba 1861, walifika kwa miguu. Nchi waliyoikuta ilikuwa ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Baadaye, miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka uliwamaliza ng'ombe hao. Malisho yakageuka vichaka, na inzi wa ndorobo wakaingia. Historia hiyo imeandikwa kwa makini na John Ford, mtaalamu wa ndorobo aliyefanya kazi Tanganyika, ambaye pamoja na R. de Z. Hall alichapisha historia ya Karagwe mwaka 1947. Farasi hastahimili nagana, ugonjwa anaoueneza ndorobo. Kwa hiyo anayemleta farasi huku leo, awe wa kupanda, wa utalii au wa kuvuta, anahitaji kwanza daktari wa mifugo na kinga dhidi ya wadudu, halafu ndipo aulize habari za zizi.

Na zizi la umeme, angalau huko New Zealand, lilianza na farasi. Miaka ya 1930, mjini Hamilton, Bill Gallagher alikuwa na farasi aliyeitwa Joe ambaye alipenda kujikuna kwenye gari lake. Gallagher aliunganisha kifaa cha kulitia gari umeme kila linapoguswa, na Joe akaacha. Kutoka kwenye gari akahamia kwenye waya wa malisho. Hata hivyo mashine za zamani zilikuwa na udhaifu mkubwa: jani bichi likigusa waya, umeme ulivuja na uzio ukafa. Mwaka 1962, mjini Hamilton humohumo, Doug Phillips wa kituo cha utafiti cha Ruakura alitengeneza mashine inayohifadhi umeme kwenye kapasita na kuuachia wote kwa mkupuo mfupi sana. Mkupuo huo ni wa haraka kiasi kwamba nyasi chache hazitoshi kuunyonya. Mashine nyingi zinazouzwa leo, hata zile ndogo za sola, zinafuata wazo hilo.

Tuje kwenye zizi lenyewe. Chukua mraba wa mita 20 kwa 20, eneo la mita za mraba 400, linalomtosha farasi mmoja kupumzika na kula kwa muda mfupi. Mzunguko ni mita 80. Mistari miwili inahitaji utepe wa mita 160, pamoja na ziada ya mafundo na mlango. Mstari wa juu ukae kati ya mita 1.2 na 1.4, wa pili karibu na sentimita 70. Vigingi vya plastiki vyenye kikanyagio vikae kila baada ya mita nne, lakini pembeni weka nguzo za mti zenye vihami vya kweli, kwa sababu pembe ndiyo inayobeba mvuto wote. Mti mbichi au uliolowa usiguswe na utepe moja kwa moja. Umeme utateremka kupitia humo hadi chini, na utakuwa umejitengenezea shoti mwenyewe.

Kuhusu aina ya uzi nina msimamo. Waya mwembamba wa chuma unaotumika kwa ng'ombe sitauweka kwa farasi, na senyenge ya miiba haipaswi kutiwa umeme kwa mnyama yeyote. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Akishtuka anakurupuka kwanza na kutazama baadaye. Waya mwembamba hauonekani na unakata mguu hadi mfupani. Utepe mpana wa milimita 20, mweupe au wa njano, unaonekana na hukatika kabla ya mguu. Macho ya farasi yako kando ya kichwa, kwa hiyo kuna eneo dogo mbele ya uso wake ambalo halioni vizuri, na rangi nyekundu haimdhihirikii kama inavyotudhihirikia sisi. Utepe mpana zaidi ya huo unaonekana vizuri, ila upepo wa vilimani unaupiga mpaka unalegea.

Mashine ya jouli moja inatosha kwa zizi hili. Jouli moja ni nishati ya kuinua kilo moja kwa sentimita kumi hivi. Ikiwa inakula wastani wa ampea 0.2, kwa saa 24 itatumia ampea-saa 4.8. Betri ya gari ya ampea-saa 60, ukiitumia hadi nusu tu ili isife mapema, itakupa takriban siku sita. Paneli ya sola ya wati 20 katika jua la Kagera hurudisha zaidi ya kinachotumika siku nyingi, ingawa wakati wa mawingu ya Novemba ni busara kuwa na betri ya akiba. Kabla ya radi kuanza, na huku radi si jambo la mzaha, chomoa mashine kutoka kwenye utepe kabisa. Kuizima tu hakutoshi.

Sasa nondo. Tumia nondo tatu zilizopakwa zinki, zenye urefu wa mita moja hadi mbili, umbali wa mita tatu kati ya moja na nyingine, zikiunganishwa kwa waya mmoja mnene unaobanwa kwa klipu, usiofungwa kwa mikono tu. Kutu kwenye kiungo huua ethi polepole bila mtu kugundua. Usizichomeke kwenye nyasi kavu za rweya kwa sababu tu mashine iko hapo. Angalia kibanja, yaani shamba la migomba, kilicho karibu. Chini ya migomba, pale majani makavu na nyasi zilizotandazwa zinapofunika udongo, unyevu hukaa hata katikati ya kiangazi. Chomeka nondo pembezoni mwa kibanja hicho, kwa ruhusa ya mwenyewe, kisha vuta waya wenye ganda hadi kwenye mashine. Mita 30 za waya ni gharama ndogo kuliko kumfukuza farasi aliyetoroka. Ziwe umbali wa angalau mita kumi kutoka ethi ya nyumba, na uzio wenyewe usipite chini ya nyaya za umeme za TANESCO.

Kisha pima. Huu ndio mtihani ninaotaka kila fundi aujue, maana unaondoa ubishi. Kwenye pembe iliyo mbali zaidi na mashine, egemeza vyuma kadhaa kati ya utepe na ardhi mpaka testa ya uzio ionyeshe volti chini ya 2,000. Umeulazimisha umeme upite ardhini kwa wingi. Rudi kwenye nondo, weka mguu mmoja wa testa kwenye nondo ya mwisho na mwingine kwenye kipande cha chuma ulichochomeka mbali kidogo. Ikisoma zaidi ya volti 300, ethi haitoshi. Ongeza nondo au mwaga maji. Ikiwa chini ya hapo, ondoa vyuma na usome utepe mtupu. Kwa farasi usikubali chini ya volti 3,000, na 4,000 au zaidi ni salama kwa kazi.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, itazame milima ya Aberdare, Kenya. Uzio wa umeme uliojengwa huko chini ya shirika la Rhino Ark ulianza mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2009, ukiwa na urefu wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu.  Walengwa wake ni tembo, wala si farasi, na ni wa kudumu; lakini somo linafanana. Kilichouweka hai ni watu wa vijiji vya kando walioajiriwa kufyeka magugu chini ya waya na kukagua kipande chao kila siku. Majani yanayogusa waya hunyonya umeme, na jani moja moja huwa mamia. Kwa zizi la siku tatu, fyeka kwa panga ukanda wa upana wa jembe chini ya mstari wa chini kabla hujawasha.

Kabla ya kuingiza farasi, angalia kilichoota ndani. Karagwe ina miparachichi mingi, na kivuli chake kinavutia, lakini majani ya mparachichi ni sumu kwa farasi. Yanavimbisha kichwa na kifua na kuathiri moyo. Lantana pia ni sumu. Utomvu wa mnyaa wa ua unaumiza macho. Kama kivuli cha pekee ni cha mparachichi, hamisha zizi.

Halafu mfundishe, maana farasi wa kilo 450 akiamua kupita, utepe hautamzuia. Kinachomzuia ni kumbukumbu. Mwongoze kwa kamba kuuzunguka mpaka mzima wakati wa mchana, mashine ikiwa imezimwa, mara moja kwa kila upande, akiwa mtulivu. Washa, mwachie, kaa mbali. Atanusa, atashtuka, atarudi nyuma. Usimsukume kwenye utepe na usiweke chakula karibu nao, maana hapo utamfundisha kwamba chakula kinauma. Watoto wa jirani nao wafundishwe, na kibao cha hatari kiwe kwenye kila upande unaopitwa na watu.

Usiku ni jambo jingine. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wanaouma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri, na kwa farasi asiye na kinga unaweza kuua wengi wa wanaougua. Pundamilia huubeba bila kuugua. Kwa sababu hiyo zizi hili ni la mchana. Jua likishuka, farasi aingie bandani, penye kuta na wavu, akiwa amekwishachanjwa.

Na kuvunja kambi kuna utaratibu wake: mashine kwanza, kisha utepe, kisha vigingi. Utepe uviringishwe kwenye gurudumu la kuviringishia bila fundo, kwa sababu nyuzi zake za chuma ni nyembamba na zikikatika ndani umeme hupita kwa shida huku utepe ukionekana mzima. Nondo ziache mahali pake ikiwa utarudi malisho hayohayo baada ya nyasi kuota, lakini zifunikwe vichwa na mwenye kibanja aoneshwe zilipo, asije akazigonga kwa jembe.