Mzaha ni wa Mama

Si uongo, nilicheka sana nikisoma Battle Hymn of the Tiger Mother, kitabu alichotoa Amy Chua, profesa wa sheria pale Yale, mwaka wa 2011. Sophia amewekewa piano, Lulu fidla, na hata wakiwa likizo ng'ambo mazoezi hayakosi. Kwenda kulala kwa marafiki? Sahau. Kuna siku Lulu, bado mdogo, anashindwa na wimbo mmoja wa piano. Mama anabeba kijumba chake cha wanasesere hadi kwa gari na kumwambia asipoujua kufikia kesho, atakipeana kipande kwa kipande.

Chua anajicheka, hilo liko wazi. Shida ni kwamba akishajicheka, anajisamehe hapo hapo. Ni mpaka Moscow ndipo Lulu, sasa ana miaka 13, anavunja glasi mkahawani na kupiga kelele kwamba anachukia fidla. Hapo utani unakauka, na kwangu ndipo kitabu kinaanza kuwa kizuri.

Lulu anajichagulia tenisi. Mama naye anamtumia kocha meseji kisirisiri, halafu anazifuta binti asizione. Imeandikwa tucheke. Mimi nilifunga kitabu kidogo.

Mamangu huwachekesha wageni na stori ya vile niliacha chuo. Anaisimulia vizuri kunishinda, na hajawahi kuniuliza kwa nini niliacha.

Lulu akiandika chake, nanunua siku hiyo hiyo, hata kama ni kurasa kumi za tenisi tu.